Kamera nzuri, ushauri mbaya wa antena: seti ya kamera nne zisizo na waya

Nilinunua seti hii ya kamera nne za ulinzi katika duka moja la vifaa vya elektroniki karibu na William Street, Kampala, kwa shilingi 780,000, na nimeitumia nyumbani kwangu Seeta, upande wa Mukono, kwa muda wa miezi mitano, ukiwemo msimu mzima wa mvua. Bidhaa yenyewe imekuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Huduma ya duka ni habari nyingine, kwa maana ushauri niliopewa kuhusu antena ulinigharimu fedha na majuma mawili ya kupanda na kushuka ngazi.

Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ya kurekodi, ambayo mafundi wetu huiita NVR, kamera nne, antena zake, adapta tano na kebo moja fupi ya mtandao. Mnunuzi asidanganyike na maneno ya juu ya boksi: ni picha tu inayosafiri hewani, lakini kila kamera inahitaji umeme wa volti 12 kutoka kwenye adapta yake, kwa hiyo popote unapotaka kuifunga sharti pawe na soketi, au ukubali kuvuta waya. Umeme ukikatika, kamera zote hufumba macho. Mimi niliziunganisha na betri ya sola iliyokuwa ikiwasha taa za uani.

Muuzaji aliniuliza lango liko umbali gani kutoka sebuleni, nikamwambia mita 35. Jibu lake lilikuja papo hapo: "Mzee wangu, hizi antena ndogo hazitafika." Akaniuzia antena ndefu ya desibeli 9 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) pamoja na mita 10 za kebo nyembamba aina ya RG58, vyote kwa shilingi 95,000, ili niipandishe antena ya mashine juu ya paa. Nilimwamini, kwa kuwa hesabu ya haraka inamuunga mkono: antena zilizokuja na seti ni za desibeli 3, na kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili.

Kosa la kwanza lilionekana siku ileile. Vichwa vya antena hizi vina aina mbili zinazofanana kwa nje, yaani SMA na RP-SMA, ambazo nyuzi zake ni zilezile lakini pini na tundu la katikati vimebadilishana nafasi. Kichwa cha kebo niliyouziwa kilijifunga kwenye mashine vizuri kabisa, kikakaza, huku ndani tundu likitazamana na tundu. Hapakuwa na mguso wowote wa katikati, na kamera zote nne zikapotea kwenye skrini. Ukinunua antena nyingine, chungulia kwanza katikati ya vichwa vyote viwili, uhakikishe kimoja kina pini na kingine kina tundu, kisha ukaze kwa vidole wala si kwa koleo.

Nilirudi Kampala, kichwa kikabadilishwa bila malipo, jambo ninalowashukuru. Hata hivyo picha ya langoni ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa kwa antena ndogo, na hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo muuzaji angepaswa kunifanyia. Katika masafa ya mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya seti hii, kebo ya RG58 hupoteza takribani desibeli 1 kwa kila mita. Antena mpya iliniongezea desibeli 6 juu ya ile ya zamani, kebo ikala takribani 10, kwa hiyo nilikuwa nimelipa shilingi 95,000 ili nipunguziwe nguvu. Tena antena ndefu ya aina hiyo haizalishi nguvu mpya. Huibana ileile na kuitandaza kando kama chapati, hata kamera iliyofungwa ukutani chini yake ikabaki nje ya miale. Bati la paa lilimalizia kazi iliyobaki, kwa sababu chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Niliishusha. Mashine nikaihamisha kutoka nyuma ya televisheni hadi juu ya kabati karibu na dirisha linalotazama lango, nikazirudisha antena zake ndogo na kuzisimamisha wima, na zile za kamera vilevile wima, maana antena moja ikilala na nyingine ikisimama nguvu nyingi hupotea. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa takribani sentimita 12.5, na ndiyo sababu kusogeza kamera kiasi cha upana wa kiganja wakati mwingine kunatosha kuitoa mahali ambapo mawimbi hayafiki vizuri. Kamera ya lango ilipona kwa kusogezwa sentimita chache tu kutoka kwenye nguzo ya chuma.

Upande wa masafa, mashine hutoka kiwandani ikiwa imeachiwa ijichagulie chaneli, yaani kipande cha masafa, nayo ilijichagulia ya 6, palepale ilipokuwa ruta yangu pamoja na ruta tatu za wapangaji wa jirani. Chaneli za gigahezi 2.4 zimepishana kwa megahezi 5, ilhali mawimbi ya waifai hutanda megahezi 20 hivi, kwa hiyo 1, 6 na 11 ndizo zisizogongana. Niliangalia kwa programu ya bure ya simu inayoonyesha chaneli zilizojaa, nikaipeleka ruta kwenye 11 na mashine kwenye 1. Kamera zenyewe hazihitaji kuguswa, kwa sababu mashine ikihama chaneli, nazo huifuata. Tangu siku hiyo picha haijaganda usiku, isipokuwa tanuri la maikrowevu linapowashwa jikoni, kwani nalo hufanya kazi karibu na megahezi 2,450.

Kabla ya kununua seti hii nilionyeshwa kamera za mitumba kutoka Marekani, za masafa ya megahezi 900, ambazo hupenya kuta na miti vizuri zaidi. Nilizikataa, na ninamshauri mwenzangu azikatae. Huko kwao masafa ya megahezi 902 hadi 928 yako wazi kwa vifaa vya aina hii, lakini kwetu sehemu ya masafa hayo hubeba simu za mkononi, na Tume ya Mawasiliano ya Uganda ndiyo inayoidhinisha vifaa vinavyorusha mawimbi.

Kasoro halisi ya seti ni kamera ya nyuma, iliyo mita 25 tu kutoka kwenye mashine lakini ng'ambo ya shamba dogo la migomba. Siku kavu huonyesha vizuri. Mvua ikishanyesha, majani yenye maji huyameza mawimbi na picha hukatikakatika mpaka yakauke. Mvua yenyewe ikiwa hewani haina athari kubwa katika masafa haya. Sikutaka kuikata migomba kwa ajili ya kamera, basi nikaunganisha hiyo moja kwa kebo ya mtandao, ambayo kamera za seti hii huikubali. Ile kebo fupi ya ndani ya boksi ndiyo niliyotumia kuoanisha kamera na mashine mezani kabla ya kuzifunga ukutani, hatua ambayo kitabu cha maelekezo kimeieleza kwa mistari miwili tu.

Picha za mchana ni safi, za usiku zinamtambulisha mtu hadi mita 10 hivi, na mlio wa tahadhari hufika kwenye simu haraka. Taa za umeme zilipokuwa zikipepesa kwenye picha, nilibadilisha mpangilio kutoka hezi 60 kwenda 50, ambao ndio umeme wetu, zikatulia. Seti naipa nyota nne kati ya tano. Duka nalipatia nyota mbili, kwa sababu lilikataa kuipokea antena kubwa na kebo yake, likisema imeshatumika. Bado ninavyo vyote viwili stoo.