Kuzoea mtaa mpya: kubisha hodi kwa majirani au kupitia shule ya watoto?

Familia iliyohamia kitongoji cha pembezoni mwa mji inaweza kuanza kwa majirani au kwa wazazi wenzao shuleni.

Hodi huzaa matunda upesi, ila ina wakati wake: wiki 2 au 3 za mwanzo. Miezi ikipita, jirani atajiuliza unataka nini. Anza na nyumba za kushoto na kulia, ya mkabala, na ile mnayochangia ukuta kwa nyuma. Nendeni pamoja na watoto, Jumamosi kabla ya mchana. Dakika 5 mlangoni zinatosha. Tajeni majina, kisha ulizeni jambo dogo: taka huzolewa siku gani, wageni huegesha wapi? Swali kama hilo humpa mwenyeji nafasi ya kusaidia, na mkikutana tena mna pa kuanzia. Kinachoharibu ni kuanza mazungumzo na lalamiko kuhusu mbwa au kelele.

Njia ya shule ni ya polepole. Wazazi wengi husalimiana getini mwaka mzima bila kujuana majina. Alikeni mtoto mmoja, si darasa zima, aje kucheza kwenu kwa saa 2. Semeni atachukuliwa saa ngapi, na ulizeni kama ana mzio wa chakula. Tatizo ni kwamba watoto wakibadilisha darasa, urafiki wa wazazi nao hupoa.

Sisi tungetanguliza hodi: bomba likipasuka mkiwa safarini, jirani ndiye atakayefunga koki. Wanaofanya kazi za zamu, wasioonekana mtaani mchana, waanzie shuleni.