Mchezo wa Mwalimu jukwaani Bagamoyo: kelele zilizidi ujasiri

Tiketi ya elfu kumi niliinunua kwa sababu ya ugomvi, si kwa mapenzi ya sanaa. Wiki nzima vijiwe vya kahawa vya Dunda havikuwa na habari nyingine: kuna kikundi kimemweka Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, jukwaani akifoka, akikosea, akisutwa na mwanamke. Mzee mmoja alinitajia hadi Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya mwaka 2004, akitaka mchezo upigwe marufuku. Mchezo wenyewe hakuwa ameuona.

Huduma niimalize haraka. Viti vya plastiki, choo kisafi, kuanza tulichelewa karibu saa nzima, na spika ya kushoto ilikoroma mwanzo mwisho. Mkienda kaeni kulia.

Sasa Mwalimu mwenyewe. Mwigizaji kavaa kofia, kashika kifimbo, nami nikahofia tutapewa kile kichekesho cha kila mshika kipaza sauti nchini, kubana sauti na kukariri hotuba. Wapi! Kijana alichukua ile tabia ya kucheka kwanza ndipo akuchome kwa neno, na ikamkaa.

Zogo liliwaka kwenye onyesho la Novemba 1973, ilipotangazwa kwamba kuhamia vijiji vya pamoja sasa ni amri na kazi iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Mkulima anasimama mbele ya nyumba yake, anauliza kama na mikorosho yake itapakiwa kwenye lori. Mwalimu anafoka. Nyuma wakapiga makofi, mbele mama mmoja akapaza sauti, "Jamani, msimdhalilishe baba yetu!" Jirani yangu, mtu mzima wa vijiji vya huku huku, akamjibu taratibu, "Mama, sisi ndio tuliohamishwa."

Kisha anaingia Bibi Titi Mohamed, na hapo elfu kumi yangu ikarudi. Wanamleta kwa lelemama, ngoma ya wanawake, na kikundi chake cha Bomba, enzi zile za miaka ya 1950 alipokuwa akiwavuta wanawake kwa mamia waingie TANU, chama cha kudai uhuru. Ngoma inakatwa ghafla: ni 1970, yuko kizimbani kwa kesi ya uhaini. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Mchezo unawaacha yeye na Mwalimu wakitazamana tu, na waigizaji hawa wanajua kunyamaza, kitu adimu kwenye maigizo yetu.

Walioumia nawaelewa. Kwa Wakatoliki Mwalimu ni Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulianzia Jimbo la Musoma. Kumwona akigombeza mkulima si jambo dogo. Lakini ni Mwalimu huyo huyo aliyetutafsiria mchezo wa Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, ukachapishwa 1963: mtawala mwenye sikio bovu na kifafa, anayechomwa visu na wenzake mbele ya watazamaji. Aliyeifanya kazi ile mstari kwa mstari alijua vizuri jukwaa huwafanya nini wakubwa.

Malalamiko yangu mimi ni kinyume cha yale ya nje. Mchezo uliogopa. Nusu saa ya mwisho anakuja msimulizi kuomba radhi: elimu, Kiswahili, umoja, vita ya Kagera, vyote vinasomwa kama risala kwa mgeni rasmi. Ni mambo ya kweli, ndiyo maana yalistahili kuigizwa. Na jibu walikuwa nalo. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliandika tathmini yake mwenyewe, akakiri kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, na kwamba makosa yametendeka. Si mngempa kijana yule meza na kalamu tumwone mkubwa akijikosoa? Tukapewa bendera na kwaya.

Halafu mnacheza Bagamoyo, mnazungumzia TANU, na Sheikh Mohamed Ramiya hatajwi hata mara moja? Mtu aliyekuwa nguzo ya chama katika mji huu huu! Wenyeji waliguna, na walikuwa na haki.

Nyota nne kwa Bibi Titi, tatu kwa Mwalimu, moja kwa msimulizi. Watoto wadogo waacheni nyumbani, unaisha usiku sana.