Qianziwen kama kitabu cha kwanza cha kusoma: kinafaa, ila kina mtego

Kitabu hiki cha Kichina, kilichotungwa na Zhou Xingsi mwanzoni mwa karne ya 6, kina herufi 1,000 katika mistari 250 ya herufi nne nne, na hakuna herufi inayorudiwa. Ustadi huo ndio mtego wenyewe: herufi aliyoisoma mtoto leo haikutani naye tena kurasa za mbele. Wengi huishia kukariri kama kasuku. Mwonyeshe herufi moja peke yake, ataanza kughani toka mwanzo wa mstari mpaka aifikie. Dawa ni kadi: herufi moja kila kadi, changanya kama karata, kisha uliza bila mpangilio.

Njia ya Wakorea ya kujifunza herufi hizi za Kichina naiona bora zaidi. Mtoto hutaja maana kwanza, sauti baadaye: katika "haneul cheon", "haneul" ni mbingu kwa Kikorea na "cheon" ni sauti ya herufi; katika "tta ji", "tta" ni ardhi na "ji" ni sauti. Sauti haielei tupu.

Kwa anayeanza kabisa, tanguliza Sanzijing, kitabu kingine cha Kichina cha kufundishia watoto. Mistari yake ya herufi tatu hushikika upesi. Na ukinunua, tafuta toleo lenye herufi kubwa nyekundu za kufuatishia kwa brashi na wino mweusi. Zikiwa ndogo, brashi huziba mapengo na mpangilio wa mikwaju ya brashi inayounda herufi hauonekani.