Skana ya picha za zamani: uliza sensa kabla ya dpi

Picha ya mama akishuka kwenye kivuko cha Kamanga imejikunja kwa unyevu wa miaka. Katikati imenyanyuka milimita kama nne, palepale ulipo uso wake. Niliiweka kwenye skana mpya niliyonunua hapa Mwanza. Kitenge kikatoka safi hadi ua la mwisho, uso ukatoka na ukungu. Nikafuta kioo, nikarudia mara sita, nikapandisha dpi, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi, hadi mwisho. Ukungu uleule.

Tatizo ni sensa, yaani jicho la ndani ya skana linalosoma picha, na hakuna muuzaji aliyeitaja. Skana nyingi nyembamba zina sensa ya CIS, ambayo hukaa karibu kabisa na kioo na huona vizuri kile tu kilicholalia kioo. Picha ikiinuka kidogo, au kitabu kinene kikigoma kulala pale kwenye mshono, maandishi yanafifia. Sensa ya CCD hupokea taswira kupitia vioo na lenzi, kwa hiyo huvumilia kilichoinuka. Ndiyo maana skana zake ni nene na nzito.

Vyeti vinatosheka na dpi 300. Picha ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa 600 unapata pikseli 2400 kwa 3600, na unaweza kuisafisha upya mara mbili ya ukubwa wake bila kuharibika. Ile 19,200 wanayokuonyesha dukani ni programu inayokisia nukta za katikati, haiongezi hata unywele mmoja. Nakala ya kutunza ihifadhi kwa TIFF, faili kubwa lisilopoteza kitu, ya kutuma WhatsApp iwe JPEG, faili dogo.

Kwangu ya kwanza ni Epson Perfection V600, wala sifichi mapenzi yangu. Ina CCD, dpi 6400 za sensa yenyewe, na inaskani hata negativu za filamu. Ndiyo iliyonirudishia uso wa mama, pamoja na kovu dogo juu ya nyusi nililokuwa nimelisahau. Inahitaji umeme wake yenyewe na meza imara.

Ya pili ni Epson V370 iliyotumika, nayo ni CCD. Kagua kioo kwa ndani kama hakina ukungu au vumbi.

Ya tatu, Canon LiDE 300 au Epson V39. Zote ni CIS. Kwa vyeti na karatasi zilizonyooka ni nzuri, tena zinakula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB, kwa hiyo ukikatika unaendelea na laptopu yako. Kwa albamu ya familia, hapana.

Simu ni ya risiti.

Kinachoniuma ni maduka yetu. Kasha limefungwa kwa gundi, ukiomba ichomekwe unaambiwa "dada, hii ni mpya, ikifunguliwa umenunua", na chini ya risiti wameshachapa kwamba mali ikiuzwa hairudi. Bei nayo imeongezwa nauli ya basi kutoka Dar, halafu anayekuuzia hajui CIS ni nini!

Ukipata duka linalokubali kuichomeka, nenda na rula. Laza ncha moja kwenye kioo, nyingine iegemeze juu ya kiberiti, skani kwa 300, kisha uone vimistari vya rula vinapotea kwenye sentimita ya ngapi. Kwenye ile skana iliyonitolea uso wenye ukungu sikuvuka ya tatu.