Ushauri nasaha wa familia kwa kijana mtukutu: uzoefu wangu, Unguja

Mwanangu wa pili alipofika miaka 14 alianza kutoroka skuli, chuoni (madrasa) haendi, na hela zangu za vitafunio zikawa zinapungua kabatini. Wenzangu mnaijua safari inayofuata: kusomewa, kombe (maji ya aya za Kurani ya kunywa), bakora za ami yake. Tulipita kote huko mpaka jirani akanielekeza kwa mshauri nasaha anayefanya tiba fupi ya familia.

Nilidhani atamweka mtoto faraghani amhoji. Kumbe alitutaka sote tunaokaa nyumba moja, na mama mkwe wangu akiwemo. Alikuwa akija nyumbani baada ya Isha. Alitueleza kuwa njia hii ilianzia Miami, Marekani, miaka ya 1970, kwa José Szapocznik na wenzake, waliokuwa wakisaidia familia za Wakuba waliohamia huko: watoto wameshakuwa Wamarekani, wazee bado Wakuba, nyumbani hakukaliki. Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 16, basi. Hapo ndipo mume wangu alipokubali. Hapendi jambo lisilo mwisho.

Mawaidha mshauri hakutoa. Kila nikimlalamikia yeye kuwa mtoto hasikii, ananirudisha: "Mwambie mwenyewe, si huyo hapo?" Tukawa tunagombana mbele yake, naye anatutazama tu. Haukupita muda mrefu mambo yetu yakawa wazi: baba anakataza, bibi anaruhusu kichinichini, mimi ndiye mpeleka maneno, na baba na mwanawe hawasemezani kabisa. Siku mume wangu alipofoka, mshauri akamgeukia kijana: "Baba yako ana khofu ya kukupoteza." Mume wangu kimya. Ugomvi ule ukageuka mazungumzo.

Halafu zikaja kazi. Sisi wazazi tukubaliane kwanza masharti, kisha baba amwambie mtoto mwenyewe, nami nisitie neno (hilo lilinishinda kuliko yote). Bibi hakuvunjiwa heshima. Alipewa kazi ya kumwamsha mjukuu alfajiri. Yeye aliyekuwa akinuna kuwa haya ni mambo ya Kizungu, akawa ndiye anayeuliza mshauri anakuja lini.

Skuli sasa anakwenda, na kabatini hapaguswi. Chuoni bado anakosa mara mojamoja.

Kasoro zipo. Mume wangu anafanya kazi kwa zamu hoteli moja ya Nungwi, kwa hiyo vikao viliahirishwa sana, na bila yeye hakuna kilichosonga. Malipo ni kwa kila kikao, si mepesi kwa mpika vitafunio. Faragha nayo shida: kuta zetu na za jirani zimeshikana, ikabidi tuwashe redio.

Ukitafuta mshauri, muulize kama amesomea tiba ya familia hasa, na kama anawaita wote wa nyumbani. Njia hii hutumika pia kwa vijana walioingia kwenye dawa za kulevya, lakini mwenye arosto (mateso ya mwili ya kukosa dawa hizo) asingojeshwe vikao. Apelekwe kwa daktari kwanza.