Rota za mtumba kwa RX-7 ya tabo: pea niliyorudisha na pea niliyofunga

Gari yangu ni Mazda RX-7 ya 1994, ile ya tabo mbili, injini 13B-REW. Ilinoki nikipanda Kitonga, ule mlima wa Iringa kwenye barabara ya Dar kwenda Mbeya. Nilikuwa nyuma ya semitrela muda mrefu, nikaona upenyo, nikakanyaga. Ukasikika mlio kama misumari inamwagwa kwenye sufuria, kisha gari ikaanza kutetemeka na nguvu ikakata. Iliingia Mbeya juu ya Fuso lililokuwa linarudi tupu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona injini hii ikiwa wazi: haina pistoni. Ina rota mbili, kila moja kama andazi la pembe tatu la chuma, na kwenye kila pembe kuna mfereji unaobeba sili ya ncha. Sili hiyo ndiyo inayozuia mgandamizo usivuje. Yangu moja ilivunjika kwenye rota ya nyuma, vipande vikabonda kingo za mfereji, vikachana hauzingi (ganda ambamo rota inazunguka), vikatokea kwenye tabo na kung'oa meno ya feni. Hauzingi na tabo nilipata bila shida kubwa. Rota ndizo zilizonichukua miezi.

Rota mpya niliziulizia. Pea moja, ukijumlisha usafiri na ushuru, ningenunua ng'ombe wawili wa maziwa wa Rungwe na chenji ibaki. Nikageukia mtumba.

Hapo ndipo kila mtu akawa mshauri. Jamaa mmoja wa Mwanjelwa aliniambia nichukue rota za RX-8, Mazda nyingine ya rota isiyo na tabo, eti zipo nyingi, bei chini, na mgandamizo wake ni 10.0 kwa 1, kwa hiyo zitafidia hewa nyepesi ya Mbeya. Ni kweli huku juu, kwenye mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Lakini gari ya tabo inajipulizia hewa yenyewe, na mimi siishi gereji, nashuka nayo mpaka pwani. Mgandamizo mkubwa, tabo, joto la Morogoro na petroli ya kituo chochote utakachokikuta njiani: hapo unatafuta sili nyingine ivunjike. Tena rota za RX-8 zimeundwa kwa injini inayotolea moshi pembeni. Sili zake za ncha ni fupi kwa kimo, za pembeni zina umbo la kabari. Si kitu cha kuchomoa huku na kuchomeka kule.

Fundi wangu, mzee ambaye amefungua injini nyingi za Land Rover kuliko miaka yangu, alipenda zile za 8.5 kwa 1 kutoka RX-7 za tabo za 1986 mpaka 1988. Hoja yake ilikuwa na uzito: mgandamizo mdogo unasamehe. Tatizo ni kwamba rota zile ni nzito zaidi, na injini hii inabalansiwa kwa vizani viwili, cha mbele na cha nyuma, vinavyolingana na uzito wa rota. Ukibadili aina ya rota, vizani navyo vinakufuata, au unapeleka seti nzima ikabalansiwe Dar. Pia kabla tabo haijashika, gari ingekuwa goigoi, na huku tabo inachelewa kidogo kushika kuliko pwani. Nikabaki na 9.0 kwa 1, kama gari ilivyotoka kiwandani.

Pea ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa Dar kwa kuona picha. "Mkuu, hizo hazina kipengele." Zilifika na basi zikiwa kwenye kiroba cha mchele wa Kyela (kiroba kimetoka huku, kikarudi na chuma), bila hata gazeti katikati, zinagongana. Na zinang'aa! Mzee alizitazama akacheka. Zilikuwa zimepigwa mchanga. Rota ikipigwa mchanga ovyo masizi yanatoka, lakini kingo za mfereji nazo zinaliwa. Akaweka sili mpya kwenye mfereji, akachukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Mwanya wa mwisho unaoruhusiwa kati ya sili na mfereji ni milimita 0.15. Ya 0.20 iliingia bila kusukumwa, hasa sehemu ya juu ambako mfereji ulikuwa umepanuka kama mdomo wa kengele. Sili ikikaa hapo inapiga piga mpaka ivunjike. Juu ya hayo, herufi za uzito zilizogongwa ubavuni hazikulingana: moja ya kundi zito, nyingine ya kundi jepesi. Kwa kifupi, hazikuwa pea.

Kuzirudisha kulichukua wiki tatu za simu, na nauli ya mzigo nililipa mimi kwenda na kurudi. Hela yangu nilirudishiwa yote ila hiyo nauli, na bado inaniuma.

Muuzaji wa pili nilimpa masharti kabla ya kutuma shilingi: asisafishe chochote, anipigie picha ya herufi za uzito, na video akiweka sili mpya kwenye kila mfereji huku fila geji ya 0.15 ikikataa kuingia. Mifereji sita, video sita. Aliguna, akasema mimi msumbufu, lakini alifanya. Rota zilikuja chafu, nyeusi tii, herufi zinafanana, bushi za ndani hazijaonyesha shaba. Masizi tuliyatoa wenyewe kwa dawa na kipande cha sili ya zamani, jioni mbili.

Baada ya kufunga, mzee alitoa vali kwenye geji ya kawaida ya kupimia mgandamizo, akaniambia nipige stata. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo sindano iruke mara tatu, na mruko uwe sawa. Ukiona mmoja mfupi, uso mmoja unavuja. Yetu iliruka sawa mbele na nyuma. Tulipoirudisha vali, ilisoma kati ya kilo 6.3 na 6.6 kwa sentimita ya mraba. Pwani ingesoma juu zaidi. Mzee alifuta mikono akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, basi.

Sasa nina kilomita 1,600. Asubuhi za Juni inawaka kwa stata moja, mradi jana yake sikuisogeza mita kumi na kuizima, maana hapo plagi zinalowa petroli. Kitonga nimeshaipanda tena mara moja. Nilikuwa nyuma ya lori la mbao, upenyo ukajitokeza mara mbili, nikauacha.