Kinyunyizio cha Kufukuzia Wanyama: Tathmini ya Misimu Miwili kwenye Reli ya Bustani

Nyuma ya nyumba ninayoishi, katika mji mmoja wa kusini mwa Uingereza, ipo reli ndogo ya mita 38 ambayo nimekuwa nikiitandaza kidogo kidogo kwa miaka sita. Njia yake ina upana wa milimita 45, na kwa kuwa vitu vyote vilivyo juu yake vimepunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 22.5, upana huo unalingana karibu sawasawa na reli yenye njia ya upana wa mita moja, yaani reli ileile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, ilipouleta uwiano huo sokoni mwaka 1968 kwa jina la LGB, iliiga treni za njia nyembamba za Ulaya; hesabu ikatokea kutufaa na sisi watu wa Tanga. Marehemu baba alikuwa karani wa stesheni ya Mombo, kwa hiyo stesheni yangu kubwa inaitwa Mombo, nayo ilikuwa na bango, benchi, na msimamizi wa plastiki mwenye kofia, urefu wake kama kidole changu cha shahada.

Asubuhi moja ya mwezi Juni nilimkuta msimamizi huyo chini ya ua wa jirani, kofia imetafunwa na alama mbili za meno zimezama mgongoni. Bango la Mombo halikuonekana kabisa. Mbele ya stesheni palikuwa na shimo la kuenea ndoo, na kipande cha reli kilikuwa kimeinuka juu ya shimo hilo kama daraja lisilokwenda popote. Ilikuwa kazi ya mbweha. Katika miji ya Uingereza mnyama huyu hupita bustanini kila usiku bila hofu, na watoto wake, wakifika umri wa kucheza mwanzoni mwa kiangazi, hubeba chochote kinachotosha mdomoni, kiwe kiatu, glavu au msimamizi wa stesheni.

Kwa sababu hiyo nilinunua, kwa pauni 58, kinyunyizio chenye kihisio, ambacho hurusha maji kila kiumbe chenye joto kinapopita mbele yake. Sikitaji kwa jina la kiwanda, kwa kuwa vifaa vya aina hii vinavyouzwa katika maduka ya bustani vimejengwa kwa mtindo mmoja, na ninayoyasema yanauhusu mtindo huo zaidi kuliko nembo. Kifaa hukita ardhini kwa mwiba wa plastiki na kuunganishwa na mpira wa maji ambao lazima uwe na msukumo saa zote. Jicho lililo kifuani mwake haliangalii umbo wala mwendo peke yake, bali hupima badiliko la joto linalohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Likiliona, betri nne ndogo hufungua vali, na maji hutoka kwa mkupuo wa sekunde chache pamoja na kelele ya kugongagonga ambayo, kwa maoni yangu, hufukuza kuliko maji yenyewe. Ipo swichi ya kuchagua mchana, usiku au muda wote, na kuna kirungu cha kuongeza au kupunguza wepesi wa jicho.

Dhidi ya mbweha kifaa kilifanya kazi vizuri. Kamera ndogo niliyoifunga kwenye kibanda cha bustani ilimwonyesha usiku wa kwanza akija kwa mwendo wake wa kawaida, pua chini, akapigwa na maji ubavuni akiwa hatua tatu kutoka Mombo, akaruka juu kwa miguu yote minne na kutoweka. Usiku wa pili alirudi akasimama mbali kidogo na pale maji yalipofika, akakaa kitako, akakitazama kifaa kwa muda mrefu, kisha akazunguka kwa nyuma. Kihisio huona kwa umbo la pembe, si mviringo mzima, na mbweha aliligundua hilo kabla yangu. Nilipokisogeza kwenye kona ya ua, kiasi kwamba mgongo wake ukawa ukutani, njia hiyo ya nyuma ikafungwa, na kwa miezi minne iliyofuata hapakuchimbwa shimo lolote.

Hata hivyo uadilifu unanilazimisha kuongeza jambo moja. Katika wiki ileile niliacha kutumia mbolea ya damu na mifupa niliyokuwa nikiwapa misonobari vibete wanaoigiza msitu wa Usambara. Harufu ya mbolea hiyo humwambia mbweha kwamba kuna mzoga umezikwa hapo, naye huchimba kuutafuta, ndiyo maana shimo lilikuwa mbele ya stesheni hasa na si kwingine. Siwezi kuapa ni sehemu gani ya sifa ni ya kinyunyizio na ni ipi ya kuiondoa mbolea. Mwenye tatizo kama langu angeanza na mbolea, kwa kuwa haigharimu kitu.

Kwa ndege, kifaa hiki karibu hakina faida. Adui mkubwa wa reli yangu wakati wa machipuo ni yule ndege mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa ambaye Waingereza humwita blackbird. Yeye hutafuta minyoo na wadudu waliojificha chini ya kuvumwani na kokoto, na namna yake ya kutafuta ni kuyarusha yote pembeni kwa mdomo, kulia na kushoto, kama mtu anayepekua sanduku la nguo akitafuta ufunguo. Kokoto moja ya milimita tatu ikilala juu ya reli inatosha kuliangusha behewa. Nilimtazama asubuhi moja akifanya kazi hiyo kwa robo saa, mita mbili kutoka kwenye jicho la kifaa, na kifaa hakikustuka hata mara moja, kwa sababu mwili wake ni mdogo na manyoya yake huzuia joto lisitoke. Nilipoongeza wepesi wa jicho hadi mwisho, kilianza kurusha maji kwa matawi yaliyopashwa na jua na kutikiswa na upepo, huku ndege akiendelea kupekua. Njiwa-mwitu, aliye mkubwa zaidi, alipigwa mara kadhaa. Akawa anahamia upande wa pili wa reli na kuacha kinyesi huko, ambacho kikikauka juu ya reli huzuia umeme usifike kwenye magurudumu.

Upo ucheshi fulani katika suala la njiwa. Wapenzi wengi wa reli za bustani, mimi nikiwamo, hununua kokoto za njia yao katika maduka ya chakula cha mifugo, kwa sababu changarawe wanazolishwa kuku zina ukubwa unaofaa na bei nafuu. Kuku huzihitaji kwa ajili ya kusagia chakula ndani ya firigisi, na njiwa naye ana firigisi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimemwandalia meza ya mita 38.

Kero nyingine za kifaa zinatokana na kwamba hakibagui. Nina kichwa kimoja cha treni kinachotumia mvuke wa kweli, kinachochemshwa kwa gesi, na kwa jicho la kihisio hicho ni kiumbe chenye joto kama kingine chochote. Kimelowa mara mbili, na mara zote nilikuwa ninawaonyesha wageni. Shemeji yangu, aliyekuja kutoka Muscat akiwa katika dishidashi jeupe lililopigwa pasi, alitoka kwenda kutazama reli kabla sijakizima. Alirudi ndani akasema tu, "Shemeji, treni yako ina askari mkali," akaomba taulo. Msukumo wa maji pia huwaangusha abiria wa plastiki na kuhamisha kokoto zisizoshikizwa, kwa hiyo sehemu ya uharibifu unaonunua kifaa ili kuuzuia inafanywa na kifaa chenyewe.

Yapo pia ya majira. Wakati wa baridi maji yaliyobaki ndani huganda na kupasua vali, hivyo kuanzia Novemba lazima kitolewe na kukaushwa, ingawa mbweha hana likizo ya baridi. Wakati wa ukame mambo hugeuka: katika kiangazi cha 2022 na cha 2025 kampuni kadhaa za maji za kusini mwa Uingereza zilipiga marufuku kumwagilia kwa mpira, na chini ya marufuku kama hiyo kifaa kinachotegemea mpira hubaki pambo.

Kilichowashinda ndege kwangu ni saruji. Nilichanganya kokoto na saruji kavu, sehemu sita kwa moja, nikaimwaga kati ya mataruma, nikaifagia kwa brashi ya rangi, kisha nikaipulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia hadi ikalowa taratibu. Jambo la kuangalia ni kutozigandisha reli zenyewe, kwa sababu reli ya shaba ya njano yenye urefu wa mita 10 hurefuka kwa takribani milimita 8 joto likipanda kwa nyuzi 40, na isipopata pa kwenda hupinda. Tangu wakati huo blackbird hupekua kwenye vitanda vya maua, mahali panapomstahili. Juu ya eneo la stesheni huweka wavu usiku, uliokazwa kwenye fremu ya mbao na kuinuliwa sentimita 25 kutoka ardhini, kwa sababu wavu uliolegea chini humnasa kalunguyeye, naye ni mnyama ambaye sitaki kumdhuru, kwani hula konokono wanaotelezesha magurudumu. Yeye nimemwachia tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya ua.

Mahandaki huyaziba mapema, mwezi Februari, kwa vipande vya waya. Mwaka juzi sikufanya hivyo, na ndege mdogo aitwaye robin akajenga kiota ndani ya handaki la pili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa porini kinachotumika, kwa hiyo treni ya Mombo ilisimama hadi makinda yaliporuka.

Kabla ya kinyunyizio nilijaribu kifaa cha sauti isiyosikika na binadamu, ambacho maelezo ya boksi yalidai hufukuza ndege. Ndege wengi hawasikii sauti za juu kiasi hicho. Usikivu wao huishia chini ya kiwango cha juu tunachosikia sisi. Nilirudishiwa pesa zangu.

Kinyunyizio ninacho bado. Mwenye mbweha au paka, mwenye bomba karibu na ukuta wa kukiegemeza, atapata thamani ya pauni zake kuanzia Aprili hadi Oktoba, mradi akumbuke kukizima kabla ya kuwasha treni. Mwenye ndege tu asikinunue. Mfuko wa saruji utamgharimu pauni chache. Changu sasa kimewekwa kwenye swichi ya usiku, kikitazama pengo la ua ambalo mbweha hupitia, na msimamizi wa stesheni amerudi kazini bila kofia. Bango jipya la Mombo nimelichonga kwa mbao na kulifunga kwa skrubu mbili.